Koromeo la Ng'ombe na Hewa ya Malori

Mwenye bucha mmoja wa Tunduma aliwahi kunipa koromeo zima la ng'ombe bila kuuliza ninalitakia nini. Kwake hicho ni chakula cha mbwa. Nililiosha, nikalilaza juu ya ubao wa jikoni, nikaligeuza upande wa nyuma, ule unaoegemea umio. Kwa mbele pete za gegedu zilikuwa ngumu, unaweza kuzihesabu kwa kidole gumba, lakini hakuna hata moja iliyofunga duara. Kila pete ni kama bangili iliyokatwa, na pale ilipokatika ncha zake mbili zimeunganishwa na utepe wa nyama laini, wa rangi ya waridi iliyopauka. Nilipouvuta ulinyumbuka, nilipouachia ukarudi polepole.

Utepe huo ni msuli, ila si msuli wa kuamrishwa kama wa mkono. Hujibana na kujilegeza usiku na mchana kwa amri za neva na kemikali ambazo mwenye mwili hana habari nazo. Ukijibana, ncha za bangili husogeleana na njia ya hewa hupungua. Kadiri mirija inavyogawanyika kuingia ndani ya mapafu, gegedu hupungua hadi kwisha, na msuli hubaki umeuzunguka mrija mzima kama kamba. Hapo ndipo pumu inapomkaba mtu. Kuvuta hewa anavuta, ila kuitoa ndiyo kazi, na kifua kinalia filimbi.

Hii ni historia ya msuli huo na ya hewa moja inayoulegeza. Imepita London, Baltimore, Charlottesville, Stockholm na Cleveland. Naianzia Tunduma kwa sababu vitu vyake karibu vyote vipo hapa: ng'ombe, kahawa, chuma, malori, na watu waliobanwa na kifua.

Tunduma ni mtoto wa mpaka. Tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wajerumani walitia saini mkataba wa kugawana nchi ambazo wengi wao hawakuwahi kuzikanyaga, na mto Songwe ukawa sehemu ya mstari uliopita katikati ya watu waliokuwa wakivushana ng'ombe na kuoana. Mji ulikua pale barabara ilipokutana na mstari. Halafu, tarehe 11 Novemba 1965, serikali ya walowezi ya Ian Smith huko Rhodesia ya Kusini ilijitangazia uhuru, na Zambia, iliyokuwa ikipata mafuta yake kupitia huko, ikabaki na matangi matupu. Mafuta yakaanza kupakiwa Dar es Salaam kwenye mapipa na kupandishwa kwa malori juu ya barabara ya vumbi hadi Tunduma na kuendelea. Madereva wa kigeni waliiita njia hiyo kwa jina la jehanamu, na waliokuwa watoto wakati ule kando ya barabara wanakumbuka vumbi lililokaa juu ya migomba kama majivu. Mwaka 1968 bomba la TAZAMA lilianza kusukuma mafuta hadi Ndola. Lami ikafuata, kisha reli ya TAZARA iliyokabidhiwa rasmi mwaka 1976. Lakini malori hayakuondoka. Yaliongezeka. Tarehe 5 Oktoba 2019 marais John Magufuli na Edgar Lungu walizindua kituo cha pamoja cha forodha ili shughuli za pande mbili zimalizwe mahali pamoja, na bado kuna siku foleni inarudi nyuma hadi mkia wake huuoni.

Simama kando ya foleni hiyo alfajiri ya mwezi wa saba, baridi inapouma na madereva wanapowasha injini. Ndani ya silinda ya dizeli joto huwa kali kiasi cha kuzilazimisha naitrojeni na oksijeni ya hewa ya kawaida, ambazo kwa hali nyingine hupita bila kusalimiana, kuungana. Kinachotoka kwa wingi ni nitriki oksaidi: chembe moja ya naitrojeni, chembe moja ya oksijeni, basi. Haina rangi. Ikikaa kidogo angani huungana tena na oksijeni na kugeuka naitrojeni daioksaidi, ambayo huchoma koo na kumchokoza mwenye pumu. Kwa muda mrefu wanasayansi walioisoma nitriki oksaidi waliisoma kama uchafu, kitu cha bomba la moshi. Hakuna aliyefikiri kwamba mwili wa binadamu unaitengeneza wenyewe, kwa makusudi, na kuitumia kufungulia njia ya pumzi.

Mama mdogo wangu alikuwa akipika chakula cha madereva karibu na foleni hiyo. Pumu ilimjia usiku. Nakumbuka bibi, aliyetoka Mbozi na kahawa yake mwenyewe shambani, akiamka, akipuliza moto, akichemsha kahawa mpaka iwe kama lami, bila sukari. "Kunywa, mwanangu, kifua kitaachia," alimwambia, na mama mdogo, mgongo umeinama, mikono juu ya magoti, akanywa kwa mafundo madogo katikati ya pumzi na pumzi. Baada ya muda mabega yalishuka. Sikujua wakati ule kwamba bibi alikuwa akitoa dawa ambayo daktari wa London alikuwa ameiandika kwenye kitabu zaidi ya miaka 100 kabla.

Daktari huyo ni Henry Hyde Salter. Alikuwa na pumu tangu utotoni, na mwaka 1860 alichapa kitabu kuhusu ugonjwa huo kilichosomwa kwa miaka mingi. Salter alishikilia kwamba kinachombana mgonjwa ni misuli iliyokaza ndani ya kuta za mirija ya hewa. Alipoorodhesha dawa, kahawa aliiweka mahali pa heshima: nyeusi, nzito, bila maziwa, inywewe tumbo likiwa tupu. Hakujua inafanyaje kazi. Aliona tu kwamba inafanya.

Katika kitabu hicho hicho kuna dawa nyingine inayonigusa zaidi. Salter alieleza karatasi ya kunyonya wino iliyochovywa kwenye maji ya shura yaliyokolea, ikakaushwa, halafu ikachomwa chumbani mgonjwa anapotaka kulala, avute moshi wake. Shura ndiyo ile ile ya kutengenezea baruti, iliyoingia bara na misafara ya pwani na kuteketezwa kwa wingi huko Karonga, si mbali na hapa, katika vita vya mfanyabiashara wa watumwa Mlozi vya 1887 hadi 1889. Ni chumvi iliyofungiwa naitrojeni na oksijeni, na ikiungua hutoa moshi wenye oksidi za naitrojeni. Kwa hiyo wagonjwa wa karne ya 19 walikuwa wakivuta hewa ya ukoo huu vitandani mwao bila kuijua. Wengine walivuta moshi wa majani ya mnanaha, mmea unaoota wenyewe hata kwenye majalala yetu. Sumu iliyomo humo, atropini, huziba masikio ya msuli usisikie amri ya neva inayouambia ubane. Ni sumu kweli, na asithubutu mtu kuijaribu, lakini kutoka kwenye wazo lake zilizaliwa dawa za kuvuta ambazo hospitali zinazitumia hadi leo.

Ukoo huo huo uliingia pia kwenye tiba ya moyo. Mwaka 1867 huko Edinburgh kijana Thomas Lauder Brunton aliwavutisha wagonjwa wa moyo mvuke wa amili nitraiti, na maumivu ya kifua yakatulia. Mwaka 1879 William Murrell wa London alifanya hivyo kwa matone ya nitrogliserini, kitu kile kile ambacho Alfred Nobel alikuwa akikigeuza baruti ya kupasulia miamba na utajiri. Madaktari waliijaribu mivuke hiyo kwa pumu pia, lakini adrenalini ilipoanza kudungwa kwa wagonjwa wa pumu huko New York mwaka 1903, nguvu yake ilikuwa ya wazi mno, na dawa za nitraiti zikabaki kwenye moyo.

Sasa turudi kwenye kahawa, maana ndiyo iliyofungua mlango. Mwaka 1921, Baltimore, David Macht na Giu-Ching Ting walichukua vipande vya mirija ya hewa ya nguruwe, wakavining'iniza ndani ya maji yenye chumvi na kuvimwagia dawa moja baada ya nyingine. Kafeini na nduguye theofilini, iliyogunduliwa kwenye majani ya chai mwaka 1888, zililegeza msuli. Mwaka uliofuata theofilini ilipewa wagonjwa wa pumu huko Ujerumani. Kutokana nayo tulipata aminofilini, dawa ambayo vizazi viwili vya wauguzi wetu waliichoma polepole kwenye mshipa huku wakishika mapigo ya moyo ya mgonjwa, kwa sababu kati ya kipimo kinachoponya na kinachodhuru nafasi ni ndogo.

Ilibaki kujulikana kahawa inasema nini na msuli. Jibu lilitoka Cleveland. Mwaka 1958 Earl Sutherland na Theodore Rall walieleza kwamba adrenalini haiingii ndani ya seli. Inabisha hodi mlangoni tu, na ndani anatokea mjumbe wa kuipeleka habari. Mjumbe huyo waliyemtambua anaitwa saikliki AMP. Baadaye ikaonekana kwamba theofilini na kafeini humzuia adui wa mjumbe huyo, kimeng'enya kinachomkatakata, kwa hiyo mjumbe anaishi muda mrefu zaidi. Theofilini ina njia nyingine pia, lakini hiyo ni mojawapo. Salbutamoli, dawa ya kuvuta iliyotoka kwenye maabara ya David Jack huko Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960, nayo inabisha mlango ule ule wa adrenalini. Kikombe cha bibi na pampu ya bluu ya dukani, kwa sehemu, vinatumia mjumbe mmoja.

Miongoni mwa wanafunzi wa Sutherland na Rall alikuwamo Ferid Murad, mtoto wa mhamiaji kutoka Albania, aliyekulia kwenye mgahawa wa wazazi wake katika mji mdogo wa Whiting, Indiana. Murad alijifunza habari za wajumbe pale Cleveland, kisha mwaka 1970 akahamia Chuo Kikuu cha Virginia, Charlottesville, na kumfuata mjumbe wa pili, mdogo wake yule wa kwanza, aitwaye saikliki GMP. Wengi wakati huo waliamini kwamba wajumbe hawa wawili ni mahasimu: AMP huleta kulegea, GMP huleta kubana. Ushahidi ulionekana kuwapo, kwa sababu asetilikolini, kemikali inayoubana msuli wa njia ya hewa, ilikuwa ikiongeza GMP.

Hapa ndipo ng'ombe anaingia. Murad na mwenzake Katsuki walitumia koromeo la ng'ombe, wakauchuna ule utepe wa nyuma niliouvuta kwa kidole jikoni, wakautundika na kupima mambo mawili kwa pamoja: nguvu ya kubana, na kiasi cha wajumbe ndani yake. Nitrogliserini na dawa za ukoo wake zilipomwagwa, GMP ilipanda sana. Na msuli ukalegea. Ripoti yao ilichapwa mwaka 1977. Kilichodhaniwa kuwa mjumbe wa kubana, kwa dawa hizi kilikuja na kulegea. Mwaka huo huo kundi la Murad lilionyesha kwamba nitriki oksaidi yenyewe, hewa tupu iliyopitishwa ndani ya kimiminika, huamsha kimeng'enya kinachomzaa mjumbe GMP. Yaani nitrogliserini, na nitraiti ya Brunton, zote zilikuwa magunia tu. Mzigo ulikuwa hewa hiyo.

Nikiisoma habari hii huwa nasimama hapa. Watu wengi wakiisikia historia ya nitriki oksaidi husikia ya mishipa ya damu na moyo, na kweli huko ndiko ilikopata umaarufu. Lakini msuli wa njia ya pumzi, tena wa ng'ombe, ulikuwapo mwanzoni kabisa, na nadhani haujapewa haki yake.

Kimeng'enya hicho, guanilati saiklasi, kina chuma katikati yake, chuma kile kile kinachoifanya damu yetu iwe nyekundu. Watu wa mkoa wetu wa Songwe hawahitaji kuambiwa kuhusu chuma. Kimondo cha Mbozi kimelala pale Ndolezi kama bonge la chuma lililoanguka kutoka mbinguni, na Wanyiha waliyeyusha chuma chao wenyewe kwa tanuri na mivukuto muda mrefu kabla ya Mjerumani. Nitriki oksaidi hupita kwenye ukuta wa seli bila kubisha, huja hadi kwenye chembe hiyo ya chuma na kuing'ang'ania. Kimeng'enya kinageuka umbo na kuanza kumzaa GMP kwa mamia. GMP naye anaamsha kimeng'enya kingine, ambacho kinaifanya kalsiamu ipungue ndani ya msuli. Bila kalsiamu nyuzi za msuli hazivutani. Mkanda unalegea, mrija unapanuka.

Mwaka 1980 Robert Furchgott wa Brooklyn alieleza kwamba utando wa ndani wa mshipa wa damu hutoa kitu kisichojulikana kinachoulegeza mshipa. Mwaka 1986 yeye na Louis Ignarro, kila mmoja kwa njia yake, walisema kitu hicho ni nitriki oksaidi, na mwaka 1987 Ignarro kwa upande mmoja, na Salvador Moncada, mzaliwa wa Honduras aliyekuwa akifanya kazi Uingereza, kwa upande mwingine, wakatoa uthibitisho. Uchafu wa bomba la moshi ukawa lugha ya mwili. Tuzo ya Nobel ya 1998 ilikwenda kwa Furchgott, Ignarro na Murad. Moncada hakuwamo, na wengi waliosoma kazi yake hadi leo wanaona aliachwa bila haki. Nami naona hivyo.

Na mapafu? Hapo historia yenyewe inageuka. Njia za hewa za binadamu zina neva nyingi za kuzibana, lakini neva za adrenalini hazifiki sawasawa kwenye msuli wake. Kitu gani basi, kwa upande wa neva, kinaufungua? Mwaka 1992 Maria Belvisi, Peter Barnes na wenzao huko London walijaribu makoromeo ya watu waliofariki na kutoa viungo vyao. Yalipatikana kupitia Magdi Yacoub, mpasuaji wa moyo mzaliwa wa Misri. Waliamsha neva kwa umeme, msuli ukalegea. Wakazuia utengenezaji wa nitriki oksaidi, kulegea kukatoweka. Neva pekee inayotufungulia koromeo inasema kwa hewa hii.

Unaweza kufikiria matumaini ya miaka hiyo. Boston waliwavutisha simbilisi hewa hiyo, na mirija yao iliyobanwa ikafunguka. Kisha Uppsala, Uswidi, mwaka 1993, Marieann Högman na wenzake waliwavutisha watu, wenye pumu wakiwamo, hewa yenye sehemu 80 za nitriki oksaidi kwa kila milioni. Kwa wenye pumu mirija ilifunguka kidogo. Kidogo tu, si kitu cha kushindana na salbutamoli. Dawa hiyo ya kuvuta ilipata kazi kwingine: mwaka 1999 Marekani iliidhinisha itumike kwa watoto wachanga ambao mishipa ya damu ya mapafu yao imekaza.

Wakati huo huo Stockholm walikuwa wameona jambo lililowashangaza. Lars Gustafsson na wenzake mwaka 1991 waliipima pumzi inayotoka puani na mdomoni mwa watu na kukuta nitriki oksaidi ndani yake. Mwaka 1993 Kjell Alving na wenzake wakaonyesha kwamba mwenye pumu hutoa nyingi zaidi kuliko mtu mwenye afya. Hapa palikuwa na fumbo. Kama hewa hii hulegeza, mbona aliyebanwa anayo tele? Jibu lilikuja taratibu. Mirija ya mwenye pumu imevimba, na ngozi yake ya ndani, ikichokozwa na uvimbe huo, hutengeneza hewa hiyo kwa mafuriko, si kwa matone ya neva. Kwa hiyo kipimo cha pumzi kikawa kioo cha uvimbe: mtu mzima akizidi sehemu 50 kwa kila bilioni, daktari anatarajia kwamba dawa ya kuvuta ya kupunguza uvimbe itamsaidia.

Lakini kwa nini mafuriko hayo hayalegezi msuli? Mwaka 2016 jibu zuri kuliko yote lilitoka tena Cleveland, mji ule ule Murad alikojifunzia. Arnab Ghosh, Dennis Stuehr na wenzao walionyesha kwamba katika pumu kile kimeng'enya chenye chuma kinaharibika, kinapoteza chuma chake au kinakuwa kiziwi, na mafuriko yenyewe ya nitriki oksaidi yanachangia. Kwa mfano wa Wanyiha, ningesema chuma kimeliwa kutu kwa kumwagiwa maji mengi mno. Walichukua dawa za aina mpya zinazokiamsha kimeng'enya hata kikiwa kimepoteza chuma, wakazijaribu kwa panya wenye pumu na kwa vipande vya mapafu ya binadamu, na mirija ikafunguka, hata pale ambapo mlango wa salbutamoli ulikuwa umechoka. Dawa ya ukoo wa karibu, riosiguati, ilikuwa tayari imeruhusiwa tangu 2013, lakini kwa shinikizo la damu la mapafu. Kwa pumu bado hakuna ya kuandikiwa mgonjwa.

Mama mdogo hajui jina hata moja kati ya hayo. Kahawa bado anaipenda, na uchunguzi wa siku hizi umekubaliana na bibi kwa kiasi: kafeini hufungua mirija kidogo, kwa saa chache. Usiku wa kubanwa kweli kikombe hakitoshi, na yeye ndiye aliyeniambia hivyo kabla ya daktari yeyote. Siku hizi ana pampu mbili, ya kila siku ya kutuliza uvimbe na ile ya bluu ya dharura, na ya kila siku ndiyo iliyombadilishia maisha.

Jioni aliponiona na lile koromeo jikoni alicheka, akaniuliza kama nimekosa mboga. Nilimwonyesha utepe wa nyuma, nikamweleza unavyobana. Aliubonyeza kwa kidole, akanyamaza kidogo. "Kumbe ni kadogo hivi," akasema. Nje malori yalikuwa yakisogea mbele hatua chache, na moshi ukaingia dirishani. Alinawa mikono, akafunga dirisha, akaitoa ile ya bluu kwenye pindo la khanga yake, akaitikisa karibu na sikio kusikiliza kama dawa bado imo.